Do Uliyoishika Peke Yako

Kariobangi, Nairobi
Jumatatu asubuhi, kabla fundi wa sufuria hajaanza kelele zake

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Nakuamkia kwa maandishi kwa sababu kwenye simu ukisikia ni mimi unampa Mumbua. Natumai barua hii imekukuta mzima, goti limetulia, na chai yako ya tangawizi iko karibu. Mimi huku sijambo. Cherehani inazunguka, wazazi wananikimbiza na sare za shule kana kwamba watoto wao walizaliwa wiki jana, na stima hupotea kila nikiwasha pasi. Nikilalamika, jirani ananiambia nihamie ikulu. Basi, ya huku ndiyo hayo. Ya huko ninayasikia kutoka kwa mdogo wangu, na hayanipendezi hata kidogo.

Mumbua anasema hujaimba tangu urudi Voi kutoka kwangu. Ati Jumapili unakaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, mdomo umefungwa hata kwenye nyimbo za watoto. Ati umemwambia pasta atafute mtu mwingine wa kufundisha besi, wale wa sauti ya chini, kwa sababu masikio yako yamekwisha. Baba, masikio yako hayajakwisha. Barua hii yote nimeiandika nikuambie neno hilo moja. Lakini nakujua, wewe huamini maneno ya mtu mpaka uyapime, kwa hiyo nimekuletea na kipimo chake. Kwenye mzigo huu kuna joho lako la kwaya, lile uliloliacha limekunjwa juu ya kitanda changu. Ndani ya mfuko wake kuna memori kadi. Usiiguse bado. Soma kwanza, tafadhali, na usiruke mistari.

Unajua wimbo wako ulivyofika huku. Mwalimu Wekesa, huyu anayefundisha kwaya yetu, alitaka wimbo mpya wa Jumapili ya mavuno. Nikamwambia, mbona tutafute mbali, baba yangu ametunga wimbo kule kota za reli na watoto wote wa kota tuliuimba tukienda shule. "Tumeamka, tumeamka, tumeamka wazima." Hakuna beti kumi za kukariri, hakuna kona. Wakaupenda siku ile ile. Mzee Shiundu, kiongozi wa besi, yule wa kiwanda cha sabuni uliyesimama naye, alisema huu ni wimbo ambao mtu anaweza kuuimba hata amebeba gunia.

Shida ilikuwa mimi. Mimi kitu chepesi hakinitoshi, unanijua. Hata sare ya mtoto wa darasa la kwanza naitia mshono wa pili ambao mzazi hakuomba. Na wimbo wako una kodi tatu tu, mwanzo hadi mwisho. Simaanishi kodi ya nyumba, Baba, namaanisha zile noti za kinanda zinazobonyezwa pamoja: do-mi-so, fa-la-do, so-te-re. Basi. Nikajiuliza, kweli nitakaa mbele ya kanisa zima siku ya mavuno nikibonyeza tatu tu kama niliyeanza jana?

Hapo ndipo anapoingia Mzee Nzioka. Huyu ni mchonga vinyago wa Shauri Moyo, Mkamba kama sisi, na ujana wake aliumaliza akipiga gitaa kwenye bendi ya hoteli. Jumamosi nikishapeleka nguo kwa wenyewe, napita kwake ananionyesha mambo ya muziki, nyusi zimejaa unga wa mti. Yeye ndiye aliyenifundisha kubadilisha kodi. "Sauti ya juu usiiguse," aliniambia. "Hiyo ni ya watu. Wewe badilisha kilicho chini yake." Kisha akanionyesha. Chukua mi. Mi inakaa ndani ya do-mi-so. Inakaa pia ndani ya la-do-mi. Inakaa pia ndani ya mi-se-te, na hiyo se unaijua, ni so iliyopandishwa kidogo. Mwimbaji anaimba mi ile ile, hajasogea hata unywele, lakini ukimbadilishia chini mara tatu anahisi amepita vyumba vitatu. Jamani! Siku hiyo nilitembea kwa miguu kutoka Shauri Moyo mpaka Kariobangi nikiimba mi moja tu, watu wananitazama kama nimerukwa na akili.

Na wimbo wako, Baba, pale kwenye "wazima" una mi ndefu. Ndefu haswa. Nikasema, hapo ndipo pangu.

Sikumwambia mtu yeyote. Kwenye mazoezi nilipiga zile zile tatu, mtoto mzuri kabisa. Usiku nikavaa visikilizi nikafanya zangu: do-mi-so, kisha mi-se-te, kisha la-do-mi, ndipo nishuke fa. Nilitaka iwe siku yenyewe, nawe ukiwepo. Nilitaka ugeuke katikati ya wimbo unitazame. Hilo tu. Tangu utotoni, Baba, mimi nikipiga kitu huwa natafuta sura yako kwanza.

Ukaja Ijumaa kwa treni. Joho nililokushonea ukalivaa, ukasema kola inakukaba kama karani wa mahakama, nikakuambia ni mtindo. Jumamosi ukafanya mazoezi na besi, na Mzee Shiundu akaniambia nimewaficha baba yangu miaka yote hii kwa roho mbaya. Jumapili Mwalimu Wekesa akakupa heshima ya kutoa do ya kuanzia kwa ile filimbi yako ndogo. Ukaipuliza, kwaya ikashika, tukaanza.

Mzunguko wa kwanza tulipofika "wazima", nikafungua vyumba vyangu. Wenye sauti ya kwanza waliipenda, nikaona nyuso zao zikiwaka. Lakini chini kulikuwa na kitu. Kama jino linalouma mbali. Mzunguko wa pili nikabonyeza kwa nguvu zaidi, nikidhani nikikaza itanyooka, na besi wakaanza kuteremka wanatafuta noti ya mkono wangu wa kushoto. Wote isipokuwa mtu mmoja. Wewe ulibaki pale pale kwenye do ambayo besi huishika hapo, macho mbele, pumzi yote. Ikasikika sauti moja ya mzee imetengwa na wenzake. Watu wa viti vya mbele wakageuka. Mzunguko wa tatu wewe ukafunga mdomo, na katikati ya kwaya iliyosimama, ukakaa chini.

Nilimaliza wimbo. Watu wakapiga makofi na vigelegele. "Ndinda, leo umepiga!" Ndivyo walivyoniambia, mmoja baada ya mwingine.

Sasa nisikilize, Baba, hapa ndipo pagumu kwangu. Kwenye chai, Mwalimu Wekesa alikushika bega akakuambia, "Pole mzee. Umri nao una mambo yake." Ukasema, "Ni masikio." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenu nikikunja nyaya za kinanda. Nawe ukanigeukia ukaniuliza, "Nilipotea sana?" Nikakujibu nini? Nikakuambia, "Haidhuru, Baba. Wazee wote hufika hapo."

Nilijua? Sitakudanganya tena. Sikuwa na hakika, lakini nilishuku. Vidole vyangu vilishuku. Ila nilikuwa nimetoka kusifiwa na watu wengi, na sifa zile zilikuwa tamu, nikaona heri wewe uwe mzee kuliko mimi niwe nimekosea. Jumatatu nilirudi na maziwa nikakuta mkoba umefungwa. Ukaniaga kwa kunipa mkono, kama mpangaji anayeagana na mwenye nyumba. Nikajiambia umechoka na safari.

Wiki zikapita. Siku moja nikampelekea nguo Mama Brayo, yule wa sauti ya pili mwenye kibanda cha ugali na kachumbari pale soko la Burma, nyuma ya mabucha. Nikamkuta anakata vitunguu na simu yake inaimba. Wimbo wako. Kumbe siku ya mavuno aliacha simu yake juu ya kiti inarekodi, yeye yuko mstarini anaimba.

"Wee Ndinda," akaniambia, "huyu buda wako, huyu mzee, ana sauti! Mimi huweka hii kila siku nikikata vitunguu. Ona vile haendi popote, amesimama tu. Lakini hapa kwa 'wazima', mbona mnamhepa?"

"Tunamhepa? Si yeye ndiye alipotea?"

"Apotee wapi? Sikiza!" Akarudisha nyuma kwa kidole chenye maji ya kitunguu. "Hapa ameshika. Hapa bado ameshika. Hawa wengine ndio wanaenda. Na hiyo keyboard yako ndiyo inawapeleka. Mlikosana na mzee?"

Mbele yetu wauza nyama walikuwa wanakatakata mbavu juu ya magogo, makelele matupu, lakini mimi nilisikia vizuri kabisa. Nikamwambia Mama Brayo anitumie rekodi hiyo sasa hivi, nikasahau hata kumpimia nguo yake.

Nyumbani nikaifungulia karibu na kinanda. Mwanzoni kabisa kuna filimbi yako. Nikatafuta noti yake kwenye kinanda, nikaipata, nikaweka kidole pale. Nikaacha wimbo uende mpaka mzunguko wa pili, pale sauti yako inapobaki peke yake. Nikabonyeza noti ile ile. Ilikuwa sawasawa, Baba. Haikuwa juu wala chini, hata kwa unene wa uzi. Nikarudia mara kumi. Nikalia, naona haya kusema, lakini nililia mpaka jirani akagonga ukuta akiuliza kama nimefiwa.

Jumamosi nikaenda Shauri Moyo nikiwa moto. Nikamwambia Mzee Nzioka, ulinifundisha vibaya. Hakuinua macho kutoka kwenye kinyago. Akaniuliza, "Besi walikuwa wangapi?" Nikasema tisa, na Baba wa kumi. Akaweka patasi chini.

"Mama wee, Ndinda! Mimi nilikuwa nampigia mwimbaji mmoja na maikrofoni yake. Chini yake palikuwa patupu, pangu mimi. Wewe una watu kumi wamesimama huko chini tangu zamani, wameshika do, unaenda kuwaingizia te pembeni mwa do yao? Hata nyumba ya mbao huondoi nguzo na watu wako ndani." Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Na huyo mzee hakuhama?"

"Hakuhama."

"Basi huyo ndiye mwanamuziki. Wewe bado."

Nilikasirika njia nzima. Lakini alisema kweli, na hilo ndilo lililonikasirisha.

Jumatano kwenye mazoezi nikasimama mbele ya kwaya, si kukaa kwenye kinanda, kusimama. Nikawaambia siku ya mavuno mzee wangu hakupotea, ni mimi niliyebadilisha kodi kwa siri nikawavuta nyote, kisha nikamwacha baba yangu abebe aibu yangu. Mwalimu Wekesa hakupenda. "Tusirudie mambo ya kale," akasema. Nikamwambia, mwalimu, hatuendi mbele mpaka besi washike do. Unajua nikianza sikomi. Wakashika. Nikapiga kodi tatu za kawaida, ikakaa. Nikapiga zangu za mavuno. Ooo! Mzee Shiundu aliinua mkono kama anayesimamisha basi.

"Ni hapo!" akasema. "Hapo ndipo nilipohama mimi. Nilidhani nimekosea, nikafuata kinanda. Wote tulihama. Yule mzee peke yake ndiye aliyekuwa nyumbani."

Mwalimu Wekesa akatazama kitabu chake. Baadaye, watu wakitoka, akanifuata akaniambia nikiandika nyumbani nimwombee msamaha kwako kwa lile neno la umri. Basi nimemwombea. Aliniomba kwa moyo, nilimwona.

Lakini usidhani nimerudi kwenye kodi zangu tatu nikatulia kama kuku aliyenyeshewa. Sikurudi. Nimeutajirisha wimbo wako, na safari hii umekaa, na najivunia, wacha nijivunie. Sikiliza kwa kalamu. Juu wanashika mi. Chini mnashika do, hamguswi. Mimi natembea katikati tu, kwa kidole kimoja: so, kisha la, kisha ta, ile te iliyoshushwa, halafu narudi la wakati nyote mnapoingia fa. So, la, ta, la. Jaribu kuimba hivyo huku Mumbua anashika do. Utaona wimbo unasogea lakini hakuna aliyehama. Siku ya kwanza tulipouimba hivi Mama Brayo alisema nywele za mikono zimemsimama. Na ile mi-se-te yangu sijaitupa, siwezi, naipenda mno. Nimeiweka pale Mama Brayo anapoimba peke yake na nyinyi wengine mmefunga midomo. Pale chini patupu, napita nitakavyo.

Sasa chukua hiyo memori kadi. Mumbua aiweke kwenye simu yake, sauti ya juu. Kaa na filimbi yako mkononi. Anasema umeifungia kwenye droo, itoe. Wimbo ukianza utajisikia ukipuliza. Nawe puliza hapo hapo chumbani, uone ni sauti moja. Kisha uache wimbo uende mpaka mzunguko wa pili, pale utakapojisikia umebaki peke yako. Mumbua asimamishe, nawe puliza tena. Mimi nishajua utakachokisikia. Nataka ukisikie wewe.

Na ukishakisikia, umwambie pasta asitafute mtu.

Joho nimelirekebisha. Kola nimeilegeza kwa upana wa vidole viwili, hukuwa unalalamika bure, ilikuwa inakukaba kweli. Nimelishona upya badala ya kulitundika kwangu, kwa sababu kwaya wanataka uje Krismasi, na Mzee Shiundu anasema kwenye nafasi iliyo kati yake na ukuta hatasimama mtu mwingine. Nami nakutaka zaidi yao. Usipokuja nitakuja mimi, nikae nawe kile kiti cha karibu na mlango, na tuone ni nani atanyamaza wa kwanza.

Nisalimie Mumbua mdogo wangu, mwambie nashukuru kwa umbeya wake, safari hii umefanya kazi. Msalimie shangazi Kalekye, na asiache dawa zake za presha. Mpe salamu mjomba Mutua fundi baiskeli, na jirani yetu mzee wa kupunga bendera za treni, mwambie bado naikumbuka filimbi yake pia. Wajukuu wa kota unisalimie wote kwa jumla, majina yao yanaongezeka kuliko ninavyoweza kuyashika.

Nimeiandika barua hii bila kuionyesha mtu, na makosa ya tahajia uyapige mstari mwekundu kama kawaida yako, sitanuna.

Ni mimi binti yako wa kwanza, niliyehama nikasema umepotea,

Ndinda